Mzinga bubu wa Uyole: shajara ya kujenga mota ya Coehorn nusu saizi

Mwezi wa 5, mwanzoni

Mpango ni huu. Najenga mota ya Coehorn nusu saizi, kitako cha mbao, mdomo unaangalia juu, vishikio vinne vya kubebea, kila kitu kama ile ya zamani ila haitaonja baruti hata chembe. Nasema mapema kabisa maana ukitaja tu mzinga hapa Uyole kila mtu anakuja na lake, mmoja anauliza utapiga lini tuje tushuhudie, mwingine anauliza una kibali, na huyu wa pili ndo mwenye akili.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, mota ni mzinga mfupi mnene, haupigi mbele moja kwa moja, unarusha tufe juu halafu lenyewe linashuka nyuma ya ukuta walikojificha watu. Hii imepewa jina la Menno van Coehoorn, injinia wa ngome wa Uholanzi, kazaliwa 1641 kafa 1704. Mota za kabla yake zilikuwa midude ya kukokotwa na wanyama, yeye akaja na kadogo ambako watu wachache wanakabeba kwa mkono wanaingia nako handakini, kalitumika kwenye kuuzingira mji wa Grave mwaka 1674. Na wazo lilidumu mno, Wamarekani walitoa toleo lao la mwaka 1841 na wakaenda nalo hadi kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Hilo la 1841 ndo naliiga: la shaba nyeusi, tundu la mdomo milimita 148, mzinga mtupu kama kilo 74 na ukiweka kitako chake inafika kama 134, watu wanne wanashika kila mtu kishikio chake wanaondoka.

Sasa nusu ya 148 ni 74, na bomba la maji la PVC la inchi tatu kwa nje ni milimita 75, ndani linabaki kama 70 hivi, na mpira wa tenisi ni kama sentimita 6.7. Nilipoona hizo namba zimekaa hivyo nikajua mradi umeshaanza wenyewe.

Kwanini mota na sio kitu kingine? Kuna mwalimu wa fizikia namfahamu anafundisha Iringa, ana kundi la wanafunzi wa kidato cha tano, kila mwaka anawapeleka Boma la Iringa na makumbusho ya Kalenga, wanasikia habari ya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 pale Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipokwisha mbele ya Wahehe, wanasikia Oktoba 1894 Wajerumani wakairudia Kalenga na mizinga mpaka ngome ya Lipuli ikaanguka, afu kesho yake darasani wanafundishwa mwendo wa kitu kilichorushwa kwa chaki tu kama vile havihusiani. Anataka kitu cha kuweka mezani. Na kabla hamjanirukia, najua Wajerumani hawakuja Kalenga na Coehorn, walikuja na mizinga ya kisasa ya wakati ule na bunduki za Maxim. Coehorn nimeichagua kwasababu ni ndogo, ni rahisi kuielewa, na imefungwa kwenye nyuzi 45 haisogei, hilo la mwisho nitalirudia maana ndo utamu wenyewe.

Mwezi wa 5, baada ya mvua kukata

Binamu yangu (nitamwita Binamu inatosha) amekuja home, kaona mchoro ukutani, swali lake la kwanza: "Kwanini isipige kweli, kaka? Bomba la chuma si yapo kibao Mwanjelwa, unachomelea kitako, unatoboa tundu la kuwashia, kwisha." Nikamwambia twende tukamuulize mtu anayekula kwa kuchomelea.

Mzee tuliyemfuata ni Mnyakyusa wa Tukuyu, yupo karibu na Sido, anatengeneza mageti na matela, ni mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, nikamweleza wazo la Binamu bila kuficha. Hakucheka wala hakukaripia. Kanyanyua kipande cha bomba kilichobaki kwenye kazi ya mtu, lile bomba la inchi tatu ambalo watu wanatumia nguzo za geti, akagonga na nyundo.

"Hili unaonaje mwanangu?"

Binamu: "Nene tu mzee, hili halipasuki."

"Haya, tulione tumbo."

Akavaa miwani, akawasha grainda, akalichana kwa urefu pande mbili mpaka likafunguka. Akapitisha brashi ya waya ndani, akaniambia nimulike na tochi ya simu. Kuna mstari umetoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, umevimba kidogo, rangi yake sio ya chuma kingine, imeenda kwenye ubluu. Ukipitisha kucha inakwama. Ni mshono. Yani bomba za namna hii ni bati limekunjwa likaungwa, kwa nje wamesugua na kupaka rangi hauoni kitu, ila ndani lipo. Sehemu moja ya mshono ule ilikuwa imezama, kama milimita moja hivi, chuma hakijajaa.

Afu akachukua kipande kingine, hiki kilikuwa kimezibwa mwishoni kwa plati, kazi ya mwanafunzi wake, kwa nje mshono umelala vizuri kweli ungesema umepigwa na mashine. Akakata katikati ya mshono. Ndani vitundu. Vingine vya kichwa cha pini, kimoja ungeingiza njiti ya kibiriti, na pembeni mavi ya chuma yamebaki katikati ya chuma na chuma. "Hii kwa geti inakaa miaka ishirini," mzee akasema. "Geti halisukumwi kutoka ndani."

Binamu alinyamaza kwa muda. Kwa mtu anayemfahamu hilo ni tukio.

Nitie na ya darasani hapa maana inaendana. Ukiweka presha ndani ya bomba, nguvu inayotaka kulichana kwa urefu ni mara mbili ya ile inayotaka kulikata kichwa. Ndo maana soseji ikizidiwa kwenye kikaango inapasuka kwa urefu, sio kwa kukatika vipande. Sasa angalia mshono wa bomba umekaa wapi: kwa urefu. Sehemu dhaifu ipo palepale ambapo nguvu ni kubwa. Watu wanaopiga mizinga ya kale kule Marekani kwa starehe, na kuna vyama vyao kabisa, hawaruhusiwi kuja na bomba lenye mshono, ndani lazima iwe chuma kisicho na mshono, na kuzunguka chumba cha baruti ukuta unatakiwa unene wake ukaribie kipenyo cha tundu la mdomo. Kwa mdomo wa milimita 74 maana yake ukuta wa milimita 74 kila upande. Lile bomba la geti ni milimita 3.

Na usinambie PVC. Plastiki ikipasuka inatoa vipande vyenye makali kama kisu, na kikizama mwilini picha ya eksirei inapata shida kukionyesha. Daktari anatafuta kwa kupapasa.

Mwezi wa 5, mwishoni

Hakuna kazi ya mikono wiki hii, baridi imeanza kuuma, ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi, gundi ya mbao haikauki. Nimekaa nasoma. Naandika hapa kwasababu yule mwalimu anataka kibao cha maelezo kando ya mzinga, na pia kwasababu Binamu bado hajakata tamaa, karudi na hoja mpya: "watu wa gobore mbona wanapiga kila siku."

Wanapiga ndio. Gobore lina leseni, lina mwenyewe, na mwenyewe anajua kipimo alichofundishwa na baba yake, na bado kila mzee wa porini atakuonyesha mtu aliyepoteza kidole. Baruti nyeusi ina tabia moja ambayo wengi hawaijui, haihitaji hewa ya nje ili iungue, oksijeni yake imeibeba yenyewe kwenye ile chumvi yake. Kwahiyo kuifungia ndani haiizimi. Kinyume chake, ukiifungia presha inapanda, presha ikipanda inaungua haraka zaidi, ikiungua haraka presha inapanda tena, na huo mzunguko unaisha kwa njia mbili tu, tufe litoke au chuma kiachie.

Jingine, baada ya kuungua zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki vitu vigumu, sio gesi. Ndo ule moshi mweupe mzito na yale masizi yanayoganda kwenye mtutu. Humo kwenye masizi kunaweza kubaki kaa dogo jekundu hulioni kutoka mdomoni. Ukimimina baruti nyingine juu yake huna tena mkono. Ndo maana wapiga mizinga wa zamani hadi wa leo kwenye maonyesho wana utaratibu kama ibada: wanakwangua mabaki, wanapitisha sponji ya maji, wanapitisha kavu, kuna mtu kazi yake ni kuziba tundu la kuwashia kwa dole gumba lenye ngozi wakati mwenzake anasafisha ili hewa isipuliziwe kwenye kaa, na wanasubiri kabla ya kushindilia tena. Hakuna anayesimama mbele ya mdomo, hata anayeshindilia anakaa pembeni na mkono wake hauzunguki mti wa kushindilia kwa namna ya kuushika ngumi.

Na hapo bado watu wanaojua kazi wanakufa. Mfalme James II wa Scotland aliupenda mzinga kupita kiasi, mwaka 1460 kwenye kuizingira Roxburgh akasimama karibu kuangalia, mzinga wake mwenyewe ukapasuka ukamuua. Tarehe 28 Februari 1844 kwenye meli ya kivita ya Marekani USS Princeton walikuwa wanaonyesha mzinga mkubwa walioupa jina Peacemaker mbele ya wageni wa serikali, rais John Tyler mwenyewe alikuwemo melini, yupo chini wakati huo. Ukapasuka. Wakafa Waziri wa Mambo ya Nje Abel Upshur na Waziri wa Jeshi la Majini Thomas Gilmer pamoja na wengine. Ule mzinga ulikuwa wa chuma cha kufua kilichounganishwa kwa moto na nyundo, na siku hiyohiyo ulikuwa umeshapigwa mara kadhaa fresh kabisa. Hii ndo hoja ninayompa kila anayeniambia "jaribu mara moja tu uone". Kupiga mara moja ukapona hakukuambii chochote kuhusu mara ya pili, chuma kinaweza kuwa kimeshachanika kwa ndani kinasubiri tu.

Shaba nyeusi ilipendwa kwenye mota za Coehorn kwa sababu kama hiyo, ikizidiwa mara nyingi inavimba au kuchanika kidogo unaona dalili unaitupa. Chuma cha kusubu hakiagi.

Kuna na hili la Chunya. Jamaa mmoja kasikia habari za mradi akanipigia, ana ndugu yake machimboni, "baruti sio ishu." Nilimkatalia hapohapo kwenye simu, na sababu nazitoa kwa kirefu maana naona watu wengi wanachanganya. Ya kwanza, ya mgodini sio baruti nyeusi. Ile inapasua mwamba, wimbi lake linakwenda kilomita kadhaa kwa sekunde, haisukumi tufe kistaarabu, inageuza mzinga mzima kuwa vipande. Ya pili, kuna Sheria ya Milipuko ya mwaka 1963 na kuna Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, baruti bila leseni ni kesi hata kama umeiweka kwenye kopo la kahawa haujaigusa. Ya tatu ni kuhifadhi. Mimi napanga, ukuta wa jirani ni ukuta wangu, kuna watoto. Sisi sio nchi ya kuelezwa kuhusu milipuko iliyohifadhiwa karibu na watu, tuna Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na hayo yalikuwa maghala ya jeshi yenye walinzi na utaratibu, sio uvungu wa kitanda.

Jamaa akasema nimekuwa muoga. Poa.

Mwezi wa 6

Kazi imerudi. Mbao nimechukua za paina za Mafinga, zilizokauka vizuri, nimezigundisha tabaka kwa tabaka nikapata bonge moja la mraba, afu nikalipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Lile umbo la Coehorn lina mikunjo, mdomoni kuna pete imetoka nje, katikati inaingia, kwenye chumba cha baruti inanenepa tena. Fundi alikuwa anakereza miguu ya vitanda maisha yake yote, alipomaliza akaligeuza mara mbili tatu mkononi akasema hajawahi kukereza kitu kifupi kikamchosha hivi. Paina ina vinundu, kimoja kiling'oka kikaacha shimo, nimejaza kwa unga wa msumeno na gundi, chini ya rangi hakitaonekana.

Kitako nimefanya cha mlingoti, kizito, hicho ndo kinazuia mzinga usirukeruke. Vishikio vinne ni nondo ya milimita 12 imekunjwa, mzee wa Sido kanikunjia bure, nikamwambia ndaga fijo mzee, yani asante sana kwa Kinyakyusa, kacheka ile lafudhi yangu.

Sasa la muhimu: tundu la kuwashia halipo. Kwenye mzinga wa kweli lipo juu nyuma, mimi nimechora duara dogo kwa rangi nyeusi tu. Na nyuma ya mzinga, kwenye kile chumba cha baruti, ni mbao ngumu imejaa, hakuna uwazi. Hata mtu akiuiba leo akatie anachotaka hana pa kuwasha na hana pa kushindilia, mwili wenyewe ni mbao na plastiki. Hicho ndo nakiita bubu. Nimeona mafundi wengine wa mifano wanatengeneza mzinga wa chuma kamili afu wanaahidi hawatapiga. Ahadi inakaa kwa mwenye mzinga wa leo, mzinga utakuwa na mwenyewe mwingine kesho. Bora ushindwe wenyewe.

Mwezi wa 6, baadaye kidogo

Utumbo. Mwalimu alitaka irushe kitu, na kurusha bila moto kwetu tumezaliwa nako, ni manati. Kwahiyo mota yangu kwa ndani ni manati iliyojificha.

Ndani ya mwili wa mbao nimeingiza bomba la inchi nne, ndani yake la inchi tatu, kati ya hayo mawili panabaki nafasi kama ya kidole, hapo ndo vinapita vipande vya tyubu la baiskeli. Bomba la ndani nimelichana mipasuo miwili inayotazamana, ila haifiki mdomoni, inaishia sentimita tatu kabla. Pistoni ni duara la plaiwudi, imepita pini ya chuma inayotokeza kwenye mipasuo, tyubu zimefungwa kwenye hiyo pini huku na huku. Ukivuta pistoni chini kwa kamba inayopita kwenye tundu la chini ya kitako, tyubu zinatanuka. Kamba inanasa kwenye komeo la mlango, lile dogo la stoo. Ukivuta komeo kwa kamba nyingine, pistoni inaruka na mpira wa tenisi.

Shida ya kwanza kuonekana ilikuwa mwisho wa safari ya pistoni, pini ilikuwa inagonga plastiki kwa nguvu, nikaona nyufa nyeupe ndogo mwishoni mwa mpasuo. Suluhisho ni kandambili, soli ya kandambili ya zamani imekatwa vipande viwili vimebanwa pale pini inapofikia. Mlio nao umekuwa mzuri zaidi, unapiga "dup" ya tumbo badala ya "kwa". Binamu kafurahia mlio kuliko kitu chochote.

Alipendekeza pia tuweke unga wa sembe mdomoni ili utoke moshi. Wazo sio baya kwa macho, ila unga ukitawanyika hewani ndani ya chumba unawaka vibaya ukikutana na cheche, vinu vya unga vimelipuka kwa hilo duniani, na maonyesho ni ukumbini kuna feni na swichi za umeme. Akasema chokaa basi. Chokaa na macho ya watoto, hapana. Haitoi moshi, imetoka hivyo.

Mwezi wa 7

Majaribio. Uwanja wa mpira nyuma ya kanisa, asubuhi, hakuna mtu zaidi yetu na ng'ombe wawili waliofungwa mbali.

Tumeiendesha kwa taratibu zilezile za mzinga wa kweli na Binamu alinuna mwanzoni akaona ni kujitia. Anayeamuru ni mmoja. Anayepakia anasimama ubavuni, anadondosha mpira kwa mkono mmoja, hainami juu ya mdomo. Kamba ya komeo ina mita tatu. Miwani kwa wote wawili. Kabla ya kuachia kuna kutamka kwa sauti "mbele wazi?" na mwingine anajibu akiwa ameangalia, sio kwa mazoea. Isipofyatuka hakuna kwenda kuchungulia, unalegeza kamba ya chini kwanza ukiwa nyuma. Na kweli ikagoma, komeo likabana, na mtu wa kwanza kunyanyua kichwa kutaka kuchungulia alikuwa huyohuyo aliyenuna. Nikapaza sauti, akarudi, tukalegeza kamba, mpira ukatulia. Tangu hapo yeye ndo mkali wa taratibu kuliko mimi, juzi kamfukuza mtoto wa jirani aliyekuwa hatua kumi nzima.

Matokeo. Nimeweka alama tatu za kuvuta, sentimita 6, 10 na 14. Pembe haibadiliki, nyuzi 45, kama Coehorn yenyewe: kule walibadilisha kiasi cha baruti kupata umbali, hapa unabadilisha urefu wa kuvuta. Sentimita 6 mpira unaanguka kama mita tatu. Sentimita 10 unaenda nane. Sentimita 14 unafika kumi na nne na kitu, ukipata upepo wa kutoka Loleza unapitiliza.

Kwa nadharia ya springi safi, nishati inaenda na mraba wa kuvuta, na kwenye pembe moja umbali unaenda na nishati, kwahiyo kutoka 6 hadi 14 umbali ungekua mara tano na kidogo. Sisi tumepata karibu na hapo ila namba hazikai sawasawa kwenye mstari, na sababu naziona: tyubu zilishavutwa kidogo hata kabla hujaanza, pistoni ina uzito wake ambao nao unakula nguvu, na mpira wa baiskeli hauna adabu ya springi, ukivutwa mara nyingi unachoka. Kwa mpira wa gramu 58 hivi kwenda mita 14, kasi ya kutoka ni kama mita 12 kwa sekunde, nishati jouli nne. Ikikupiga jichoni inaweza kukuumiza, ila haivunji kitu. Mwalimu kafurahi kwamba namba hazijanyooka, anasema wanafunzi watakuwa na cha kubishania.

Kitu cha kurekebisha: kitako kinarudi nyuma kila ukifyatua, vidole viwili hivi. Nilifikiri kukifunga na mifuko ya mchanga, mwalimu kakataa, anataka wapime na hicho.

Mwezi wa 7, mwishoni

Rangi. Mwili redoksaidi kwanza, juu yake nimechanganya rangi ya mafuta ya kahawia na ya dhahabu kidogo mpaka ikakaribia shaba iliyozeeka, kitako kijivu cha olive. Kutoka mita tano unadanganyika ni chuma. Na hapo ndo tatizo jipya lilipozaliwa, maana hii kitu inatakiwa isafiri hadi Iringa kwa basi.

Jirani aliiona kibarazani usiku akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Simlaumu, ningefanya hivyohivyo. Mwenyekiti kaja asubuhi, tukasalimiana, nikamvutia pistoni, nikamnyanyulia mwili wa mbao kwa mkono mmoja akashika mwenyewe akaona wepesi wake. Akauliza swali zuri, "Na askari wa kizuizini nao utawanyanyulia hivi?" Tukakubaliana mambo. Mwili utasafiri umetenganishwa na kitako, mzinga kwenye boksi moja na utumbo wake umetolewa, kitako kwenye kiroba, mpira wa tenisi mfukoni. Ndani ya mdomo nimepaka pete nene ya rangi ya chungwa, na ubavuni nimeandika kwa herufi kubwa MFANO WA MBAO, HAURUSHI RISASI. Imeharibu sura, najua, mwalimu kalalamika. Abaki akilalamika.

Kituo cha polisi nimepeleka picha na maelezo kabla sijaulizwa. Askari wa zamu alizisoma zote, akanirudisha na sharti moja, niwe na barua ya shule inayotaja kifaa, tarehe na anayekibeba, na mtendaji wa kata aigonge muhuri. Barua ya shule imeshafika kwa simu, nimeichapisha. Mtendaji yupo semina mpaka Jumatatu, na tyubu za upande wa kushoto zimeanza kuchanika kwenye fundo, kwahiyo wikiendi hii nabadilisha zote nne, safari hii nachukua tyubu la pikipiki nione alama ya sentimita 14 inasemaje, ikipita mita 20 narudisha la baiskeli.